Matone Katika Chupa ya Baba

Nyumbani, 3 Machi

Dada,

Usishtuke kuona barua. Hakuna aliyekufa. Ni mimi tu, na unajua mimi na simu hatuelewani. Nikisikia "haloo" maneno yote yanajificha nyuma ya meno, halafu Baba anaweka spika na kuanza kunisemea: "Anasema hajambo, anasema amekula, anasema anakusalimia." Kwenye karatasi hakuna wa kunisemea. Nitampa kondakta wa basi la asubuhi, ameahidi utaikuta kituoni jioni.

Shuleni kuna maonyesho ya sayansi. Mwalimu wa kemia anataka kila mtu alete jambo linalohusu maisha ya watu. Nikakumbuka ulipokuja likizo ukasema unatengeneza kitu kinachozuia fuwele zisikue, zile zile zinazojenga mawe kwenye figo. Baba akacheka mpaka akakohoa: "Kumbe nimesomesha mtoto aende kupigana na kokoto!" Mimi sikucheka. Nilitaka kuuliza, ila nilipopata ujasiri mlikuwa mmeshahamia habari nyingine.

Sasa nieleze. Ila nieleze kwa lugha ya nyumbani. Shuleni tunafundishwa yote kwa ile lugha nyingine, najibu kwa hiyo hiyo, napata alama, halafu nikirudi siwezi kumweleza Baba hata sentensi moja ya nilichosoma. Naona kama nina vichwa viwili visivyosalimiana.

Na ikiwezekana nitumie kidogo. Kidogo tu, cha kuonyesha.

Baba mzima. Amepungua mwili, anasema ni jua la huko juu. Bado ni yeye na kreni yake, na jengo sasa limepita paa zote za mtaa. Anasema huko juu hata ndege wanamwamkia. Amesema usisumbuliwe kwa lolote mpaka utetee utafiti wako, kwa hiyo usipige simu. Jibu hapa hapa.

Konokono wako

&nbsp;

Maabara, 8 Machi

Konokono wangu,

Nimeisoma barua yako nimesimama pale pale kituoni, wabeba mizigo wakinifokea, "Sista, sogea au upakiwe!" Sikusogea. Miaka yote hii hakuna mtu wa nyumbani aliyewahi kuniuliza ninafanya nini. Baba huuliza kama nimekula.

Haya, kaa kitako. Fuwele ni ukuta. Chembe za kalsiamu na za oksalati ndizo matofali. Tofali haliwekwi popote tu. Linapenda kona, pale ambapo safu iliyotangulia haijaisha, lipate kushikwa pande mbili. Hivyo ndivyo ukuta unavyokua, kona kwa kona, mpaka kwenye figo ya mtu unakuwa jiwe.

Peptidi ni mnyororo mfupi wa asidi za amino. Fikiria ushanga. Mwili hutunga mirefu sana, ndiyo protini, na kuna protini kwenye mkojo zinazofanya kazi ya kuwazuia waashi wa ukuta huo. Mimi natunga ya kwangu kwa mashine, shanga baada ya shanga, nachagua mwenyewe ipi ifuate ipi. Nikiweka nyingi zenye chaji hasi, mnyororo unang'ang'ania kalsiamu kwenye ukingo wa ukuta. Unakaa kwenye kona. Tofali likija linakuta kiti kina mwenyewe. Ujenzi unasimama, mafundi mikono kiunoni.

Nimezipa majina. Hii bora kuliko zote nimeiita Shangazi, kwa sababu ikishakaa haiondoki.

Na wewe usijione duni kwa jina lako. Konokono hujenga gamba lake kwa namna hiyo hiyo: protini zake ndizo zinazoiambia chokaa ikae wapi na iishie wapi. Ni injinia, sema hapendi kelele.

Nakutumia kichupa cha Shangazi. Mwombe mwalimu akusaidie kukuza fuwele za chokaa kwenye glasi mbili. Moja itie matone ya Shangazi, nyingine uiache, kisha mtazame kwa hadubini. Kama kila kitu cha maabara, si ya kuonja.

Natetea mwishoni mwa Aprili. Ninaogopa, ila hilo usimwambie Baba.

Dada

&nbsp;

Nyumbani, 20 Machi

Dada,

Maonyesho yalikwenda vizuri. Fuwele za Shangazi zilikuwa ndogo na zimeviringika, zile nyingine zilikuwa na pembe kali. Mwalimu alisema "hm," na unajua walimu, hiyo ni sifa kubwa.

Nilitakiwa kusimama mbele na kueleza. Nilieleza nikiangalia viatu vyangu. Msichana mmoja wa nyuma akasema, "Ongea na sisi, viatu vimeshaelewa." Walicheka, na mimi nilicheka kidogo.

Kichupa bado kina dawa. Nina swali, si langu, ni la rafiki yangu. Anauliza: mtu mwenye jiwe kwenye figo akiinywa Shangazi, matone machache kwenye maji kila asubuhi, jiwe litaacha kukua? Na itachukua muda gani?

Baba yupo. Anakwenda kazini kama kawaida. Siku hizi namjazia mimi chupa yake ya maji. Anarudi nayo tupu.

Jibu upesi, tafadhali. Rafiki yangu hana subira.

Konokono

&nbsp;

Maabara, 22 Machi

Konokono,

Mwambie huyo rafiki yako asithubutu.

Kwanza, peptidi ikiingia tumboni ni chakula. Tumbo halijui kwamba nimeitunga kwa miezi. Linaikatakata kama linavyokatakata yai. Haitafika kwenye figo ikiwa nzima.

Pili, kile kichupa nilikitia dawa ya kuzuia ukungu ili kisioze njiani. Kwenye glasi ya fuwele haina neno, kwenye tumbo la mtu sitaki hata kufikiria.

Tatu, na hili linaninyima usingizi: wiki hii nimegundua kwamba Shangazi ana sura mbili. Akiwa wa kutosha, anazuia fuwele. Akiwa kidogo sana, fuwele zinakua HARAKA zaidi kuliko bila yeye. Nimerudia jaribio hadi macho yameniuma. Msimamizi wangu anasema ni jambo la kuvutia. Mimi naona kazi yangu yote inabomoka wiki chache kabla ya kuitetea.

Halafu, mdogo wangu, rafiki yupi? Nakujua tangu ulipokuwa unajificha nyuma ya mlango wageni wakija. Rafiki yako wa kuuliza mambo ya figo ni nani?

Kwa nini umeniandikia kwamba Baba "yupo"?

Dada

&nbsp;

Hospitali, kwenye benchi nje ya wadi, 23 Machi

Dada,

Sina rafiki. Ni Baba.

Naandika upesi, basi la mchana halisubiri. Simu nimejaribu, nimebonyeza namba yako nikaikata, kwa sababu nikisikia sauti yako nitalia tu na hutaelewa kitu.

Mwezi wa pili Baba alianza kushika kiuno. Nikaenda naye kliniki kwa sababu daktari anaongea ile lugha nyingine na Baba alitaka mtu wa kumtafsiria. Kwa hiyo mimi ndiye niliyemwambia. Maneno yalitoka kwenye mdomo wangu: jiwe kwenye figo ya kushoto, limeziba njia, lisipotolewa figo itakufa. Baba akasema, "Muulize kama linaweza kusubiri jengo liishe." Nikauliza. Daktari akasema hapana. Baba akanitazama: "Umeuliza vizuri?"

Njiani akaniambia kreni haikai bila mtu. Ukishuka kulazwa, anapanda mwingine, na ukirudi unaambiwa ahsante. Tena akasema: dada yako asijue, akijua ataacha kila kitu aje. Nikaahidi. Ukiniambia nisiseme kitu mimi ndiye hodari, si ndiyo kazi yangu?

Basi nikakuomba Shangazi. Maonyesho yalikuwepo kweli, sikudanganya hapo, ila matone mengi sikuyapeleka shuleni. Niliyatia kwenye chupa yake ya maji, machache kila asubuhi. Machache, Dada. Kidogo sana. Na ulichoandika kuhusu kidogo nimekisoma leo asubuhi, wakati Baba ameshalazwa.

Jana alizidiwa akiwa juu. Waliona mzigo umening'inia hewani, hauendi wala haurudi. Watu wawili walipanda kumshusha, mmoja mbele, mmoja nyuma, amejikunja kama mtoto. Walikuja kuniita shuleni.

Nimemwonyesha nesi kichupa. Alikwenda kumwita daktari, na daktari aliniuliza mengi, nikajibu yote. Wamemtoa damu. Baba mwenyewe amelala kwa sindano ya maumivu na hajui nilichomfanyia.

Nilitaka asikatwe. Nilitaka kreni ibaki yake na wewe umalize shule, na mimi niwe nimefanya hayo kimyakimya bila mtu kulazimika kunishukuru. Njoo. Ukija unipige kwanza halafu unikumbatie, au vyovyote.

Konokono

&nbsp;

Wadini, 28 Machi

Kwa binti yangu mkubwa, Mpiganaji wa Kokoto,

Pokea salamu kutoka kwa mgonjwa wa kitanda cha dirishani. Naamini umefika chuoni salama. Nilikuona ulivyosinzia kwenye kiti siku zote ulizokaa hapa, mdomo wazi, nikasema huyu ndiye msomi wangu.

Uliondoka tukiwa hatujamaliza yale mazungumzo, kwa sababu wewe ulikuwa unafoka, mdogo wako amejifunika shuka la kitanda changu analia, na nesi anasema wagonjwa wengine wanataka kulala. Kwa hiyo namalizia hapa.

Niliyowaambia siku ile ndiyo ukweli. Maji ya ile chupa sikuyanywa. Hata tone. Majibu ya damu yamerudi na daktari naye amesema hakuna sumu yoyote. Kila asubuhi nilifika getini, nikamwagia maua ya mlinzi, nikapanda na chupa tupu. Ningemkatalia vipi mtoto aliyeamka mapema kunijazia? Anaisimamisha mezani, anaipangusa, ananisogezea bila kusema neno. Ningesema siitaki, angeumia.

Lakini hukuniacha nieleze kwa nini sinywi. Ni hivi. Huko juu hakuna choo. Kushuka ile ngazi na kuipanda tena ni safari, na nikishuka zege linasubiri, na wanaosubiri chini wana midomo. "Mzee wa kibofu! Mzee kaenda kuchimba kisima!" Nikajizoeza. Chai asubuhi nusu kikombe, basi mpaka jioni. Miaka yote hiyo. Niliona ni uhodari. Daktari amenieleza, na safari hii aliyetafsiri hakutazama viatu: kama si ukame huo, jiwe lisingepata nafasi ya kujengwa.

Kwa hiyo ukame ulionipa jiwe ndio ulioninusuru na dawa yenu. Sijui nicheke au niwatandike wote wawili.

Sasa sikiliza. Bado nilikuwa nasema hapana kwa upasuaji. Juzi yule Konokono alipotea mchana mzima. Kumbe alikwenda saiti. Peke yake, na sare za shule, akamtafuta fomeni kati ya wanaume wote wale. Fomeni mwenyewe alikuja hapa jioni kunisimulia. Anasema mtoto alisimama mbele yake, akanyamaza mpaka yeye akafikiri amekuja kuomba maji. Halafu akasema: "Baba anatolewa jiwe. Naomba kreni yake msimpe mtu moja kwa moja. Na akirudi naomba awe anashuka kukojoa, na asichekwe." Kisha akakimbia, akasahau begi lake. Fomeni ndiye aliyelileta.

Ameniwekea nafasi. Atakuwepo wa kushikilia kwa muda. Na kuhusu kushuka, ameandika ubaoni pale saiti kwamba kreni itakuwa na mapumziko, na mwenye mzaha aje kwake.

Nimeshatia sahihi. Wananikata keshokutwa. Usije, jitayarishe na mtihani wako. Mimi nina mkalimani.

Baba yenu

&nbsp;

Maabara, 2 Mei

Konokono,

Nimefaulu. Nakuandikia wewe kabla ya kumpigia Baba, ili uwe wa kwanza kwa mara moja katika maisha yako. Usimpe simu mpaka umsomee.

Walionihoji waling'ang'ania pale pale nilipopaogopa, kwamba Shangazi akiwa kidogo hukuza badala ya kuzuia. Nilidhani ndio mwisho wangu. Kumbe ndicho walichokipenda. Mmoja akaniuliza, kwa nini niliifikiria kwa makini sana hiyo dozi ndogo? Nikasema nina ndugu aliyenitia hofu nayo. Hawakuelewa, lakini waliandika.

Kifurushi kimefika pia. Baba ni mtu wa ajabu: kunitumia jiwe lake ndani ya kopo la rangi ya viatu! Nimelikata nikaliangalia kwa hadubini. Lina matabaka, safu juu ya safu, fuwele zimebanana kama ukuta uliojengwa na fundi asiyelala. Ila karibu na katikati kuna mahali safu zinakatika. Fuwele zilisimama pale, kisha baadaye zikaanza tena. Jiwe halina tarehe, na mbele ya msimamizi wangu nisingelisema hili. Lakini kwako nasema: nadhani ni ule mwaka ujenzi ulisimama, Mama ametoka kufariki, Baba akawa nyumbani anatupikia na kutusuka nywele vibaya. Alikuwa anakunywa maji pamoja nasi. Unakumbuka alivyokusuka pembe moja?

Nimekaa na hadubini mpaka kioo kikapata ukungu wa machozi. Usimwambie.

Au mwambie. Tumefichana vya kutosha katika familia hii.

Dada

&nbsp;

Darasani, 19 Mei

Dada,

Nilimwambia. Akasema, "Pembe moja ndiyo ilikuwa fasheni," akaenda kuosha vyombo ambavyo vilishaoshwa.

Kidonda kimefunga. Figo inafanya kazi, daktari ameipima na kuridhika. Nilimtafsiria Baba, naye hakuuliza kama nimeuliza vizuri. Anakunywa maji siku hizi kama mtu aliyeagizwa. Kila akimaliza glasi ananionyesha ilivyo tupu, kama vile mimi ndiye mama yake.

Leo ndiyo siku yake ya kwanza kurudi juu. Asubuhi alivaa kofia, akashika chupa, akasimama mlangoni akaniuliza nimetia nini humo. Nikasema maji. Akasema onja. Nikaonja, naye akaonja. Akaondoka.

Mimi hapa shuleni nimehamia dawati la dirishani, kwa sababu kutoka hapa kreni inaonekana yote, juu ya paa za maduka. Tangu saa za kwanza nimekuwa nikiitazama badala ya ubao. Ikageuka huku, ikageuka kule, ikanyanyua vyuma, ikashusha. Saa ya mapumziko ikapita. Haikusimama. Nikajisemea, haya, amerudia yale yale, aliyesema ni mtoto tu na ubao wa fomeni umeshafutwa na mvua.

Tukaingia hesabu. Mwalimu anaandika, mimi nimekata tamaa hata ya kutazama. Nikainua macho mara moja tu.

Kreni ilikuwa imetulia. Mkono wake hauendi popote, ndoano haina mzigo, na chini watu wamekaa juu ya matofali wanamsubiri. Na kwenye ngazi, Dada, mtu mdogo kama sisimizi mwenye kofia ya njano anashuka. Taratibu, mkono baada ya mkono. Alifika katikati akapumzika. Nikapumzika naye. Akaendelea.

Sikujua kwamba nacheka, na machozi yananitoka, mpaka niliposikia darasa limenyamaza. Mwalimu wa hesabu alikuwa amesimama juu yangu.

"Kuna nini huko nje cha kufurahisha hivyo?"

Ungekuwepo ungejua kwamba hapo ningekufa. Darasa zima limegeuka, yule msichana wa nyuma naye. Nilisimama. Sikuangalia viatu. Nikasema kwa sauti, na nadhani hata darasa la jirani walisikia:

"Baba yangu anakwenda kukojoa!"

Konokono